Shimo la Chumvi na Mkaa

Mama mkwe wangu hanipendi, nami simpendi. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asipoteze muda akisubiri tupatane. Tunaishi nyumba moja Bombambili, tunapikia jiko moja, na kila asubuhi tunasalimiana. "Shikamoo mama." "Marahaba." Salamu hiyo ina baridi kuliko asubuhi za Juni za hapa Songea, zile ambazo hata mbwa anagoma kutoka jivuni.

Aliyetuweka pamoja ni mtu asiyekuwepo. Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, akasema anakwenda msimu mmoja tu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye akawa anapiga akikumbuka. Mwishowe tukabaki na yule dada wa mtandao anayetuambia kwa sauti nzuri kwamba namba tunayopiga haipatikani. Mama mkwe aliamini kuwa mimi ndiye niliyemkimbiza mwanawe. Mimi niliamini kuwa mtu aliyelelewa na mama kama yule lazima ajue kukimbia. Hatukuambiana haya kwa maneno, lakini yalikuwa sufuriani pamoja na mboga.

Katika nyumba ile nilikuwa na vitu vyangu viwili, cherehani barazani na gitaa chumbani. Cherehani kilileta unga, kwa hiyo hakikuwa na adui. Gitaa lilikuwa la umeme, jekundu, rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Niliachiwa na mjomba wangu kule kwetu ziwani, Nyasa, na yeye ndiye aliyenifundisha kulipiga nikiwa bado nasuka nywele za mabutu. Kwa mama mkwe, gitaa ni mali ya wanaume wa vilabuni.

"Mwanamke anapakata mtoto," alisema siku moja mbele ya wageni, nikiwa nimelishika.

Niliendelea kupakata nilichokuwa nacho.

Nilikuwa nalipiga katika kwaya ya jumuiya yetu, yaani zile kaya za jirani tunazosali pamoja nyumba kwa nyumba. Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa jumuiya, tena mwenyekiti wa miaka na miaka, asiyepingwa na mtu kwa sababu hakuna anayetaka kumshinda. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanaume mwembamba mwenye kinanda, na kinanda chake kilikuwa na spika. Nilizoea kuchomeka gitaa langu humo. Mwaka huo ilipangwa kwamba misa ya somo wa jumuiya, yule mtakatifu tunayeitwa kwa jina lake, isomwe uani kwetu. Wiki zilipoanza kuhesabika, mwalimu alinisimamisha baada ya mazoezi.

"Dada, gitaa lako kwenye spika yangu basi tena. Linameza kinanda. Njoo na spika yako mwenyewe, na isiwe ya kunguruma mbele ya padre. Usipokuwa nayo siku ya misa, nafasi yako nampa mtu wa kayamba."

Alijua sina. Ndiyo maana alisema. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na njia nzima nilikuwa namjibu maneno ambayo sikuwa nimemjibu mbele yake. Kayamba! Mtu anatingisha mbegu ndani ya matete, halafu ndiye achukue nafasi yangu. Nilipofika getini nilikuwa nimeshaamua kwamba nitatengeneza spika hiyo na amplifaya yake, mtambo wa kukuza sauti, kwa mikono yangu. Nilikuwa sijui lolote kuhusu amplifaya, lakini nilikuwa nimeshona magauni ya harusi kwa kuangalia picha tu, na nilidhani waya ni uzi.

Waya si uzi. Uzi ukiukosea unafumua. Waya ukiukosea unatoa moshi.

Nilianza na sabufa la mume wangu, lililoungua bodi kabla hajaondoka. Nilitoa spika na transfoma. Bodi mpya ndogo niliagiza kwa fundi mmoja wa redio mjini, mtu mkavu anayeongea huku anaangalia kazi yake badala ya mteja. Mbao za sanduku nilitoa kwenye droo ya kabati langu la nguo. Bati la kufungia vitu ndani nilikata kutoka kwenye debe la mafuta ya kula, likanikata nami. Kulehemu nilijifunza kwa video za simu. Yule mzungu wa kwenye video alikuwa na meza nyeupe, taa ya kupinda na mikono isiyotetemeka. Mimi nilikuwa na meza ya cherehani, na risasi iliyoyeyuka ilinidondokea pajani. Ilipita khanga ikaacha alama ambayo bado ninayo.

Mama mkwe alisimama mlangoni akaangalia lile sabufa lililo wazi, matumbo nje.

"Ndiyo umeanza kumchinja," alisema.

"Sabufa limekufa muda mrefu, mama."

"Sisemi sabufa."

Akaondoka akiburuza kandambili, ili nisikie anavyoondoka.

Siku nilipowasha mara ya kwanza, gitaa lilisikika. Nakiri nilipiga kelele ya furaha kama mtoto. Lakini nyuma ya gitaa kulikuwa na sauti nyingine, nzito, nguuuu, isiyokata, kubwa kuliko gitaa lenyewe. Halafu nilipogusa nyuzi, kitu kikanitambaa vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Umeme. Si ule wa kuua, lakini ni ule wa kukuambia kuwa unaweza kuua ukipenda. Kutoka jikoni mama mkwe alipaza sauti, "Hicho kitu kinalia kama ng'ombe mwenye mimba iliyopitiliza!" Nikazima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amepatia kabisa.

Nilibadilisha waya, nikafunga upya, nikazungushia bati zaidi. Ng'ombe hakuzaa. Nikambebea fundi sanduku lote kichwani. Akalisikiliza, akaliangalia kama mtu anayeangalia mboga iliyochacha.

"Haina athi," alisema.

"Athi ndiyo nini?"

"Waya wa kwenda ardhini. Umeme unaopotea uwe na pa kwenda. Soketi yenu ina tundu la tatu?"

"Lipo."

"Lipo, au limefungwa waya?"

Nilirudi nikafungua soketi. Tundu la tatu lilikuwa pambo tu. Nyuma yake hakuna kitu, buibui ndiye aliyekuwa amepanga. Aliyefunga umeme nyumba ile alikula hela ya waya huo, na namwombea njaa mpaka leo. Fundi alikuwa ameniambia la kufanya. Nipigilie chuma kirefu ardhini mahali penye unyevu, nikizungushie mkaa uliosagwa na chumvi, nimwagie maji, na nisiache kumwagia kila siku, maana ardhi kavu haibebi umeme.

Niliomba ruhusa. Hili nataka lieleweke, kwa sababu baadaye ilisemwa nilifanya kwa siri. Nilimwambia, "Mama, nachimba kashimo kule nyuma ya jiko." Akajibu, "Chimba, takataka zimezidi." Yeye alifikiri shimo la taka. Mimi sikuuliza alichofikiri. Nilichimba pembeni ya uzio, pale maji ya kuoshea vyombo yanapotuama, kisha nikapigilia chuma, nikaweka mkaa, nikaweka chumvi, nikamwagia maji, nikavuta waya hadi dirishani kwangu.

Niliwasha. Kimya. Nilidhani haijawaka kabisa. Nikagusa uzi mmoja, na sauti ikatoka peke yake, safi, kama maji ya kisima kabla mtu hajachota. Hakuna kilichonitambaa mkononi. Nilikaa kitandani nikalia, na si kwa huzuni.

Sasa fikiria jirani yetu. Yeye hana redio, redio yake ni uzio. Kila jioni anamwona mke wa mtu ambaye mume haonekani, mtu wa kuja kutoka ziwani, anainama mpakani, anamwagilia kishimo chenye mkaa na chumvi, na chuma kimechomoza katikati. Huku kwetu kila mtu anajua mkaa, chumvi na chuma vikizikwa mpakani vinaitwaje. Ni kuzindika. Mtu anayezindika nyumba yake anajikinga na watu. Na anayezindika nyumba ya mkwewe je?

Mama mkwe alirudi kutoka kwenye sala za jumuiya, kitenge kimemkaa upande. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akaangalia, akaniita kwa sauti ambayo majirani wote walistahili kuisikia.

"Wewe mwanamke! Hiki ni nini?"

"Ni athi, mama. Ya amplifaya."

"Usinitajie majina ya huko kwenu. Nauliza umezika nini nyumbani kwangu?"

"Chumvi na mkaa tu. Ni ya umeme."

"Umeme unakula chumvi?"

Nilijaribu kueleza. Jamani, nani amewahi kueleza umeme kwa mtu aliyekwisha kukasirika? Kila neno nililotoa lilizidi kunizika. Nikasema unyevu, akasema kumbe ndiyo maana ninamwagilia. Nikasema unaopotea, akashika kichwa. "Mwanangu kapotea, wewe unaniambia habari ya vinavyopotea!" Mwisho na mimi nikapandisha. Nilimwambia kama ningekuwa na dawa ya kufanya kazi, ningeanza na mdomo wake. Hilo sikupaswa kulisema mbele ya uzio ule.

Kikao kiliitishwa Jumamosi asubuhi. Alikuja baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, mzee wa kofia ya sufu anayeheshimiwa kwa sababu anaongea kidogo. Tulikaa uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho kilinipa matumaini, halafu akatoa simu yake akampigia mume wangu ili na yeye ajue. Dada wa mtandao akajibu kwa sauti nzuri. Baba mkubwa akarudisha simu mfukoni bila kumtazama mtu.

"Hebu kionyeshe kinavyofanya," aliniambia.

Nilishukuru Mungu. Nikasema sasa wataona kwa macho, na kuona kunamaliza maneno. Nikatoa sanduku barazani, nikawasha, athi ikiwa imefungwa. Kimya. Nikachomoa waya unaokwenda shimoni. Nguuuu! Vifaranga vikakimbia. Nikarudisha waya. Kimya.

"Rudia," alisema baba mkubwa.

Nikachomoa. Nguuuu. Nikarudisha. Kimya.

Mzee alivua kofia taratibu. "Kumbe inafanya kazi," alisema.

"Inafanya kazi baba, ni umeme."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Nilimwangalia nikaelewa kilichotokea. Nilikuwa nimewaonyesha, kwa mikono yangu mwenyewe, kwamba chumvi na mkaa vilivyozikwa uani vina uwezo wa kunyamazisha kitu kilicho ndani ya nyumba. Hakuna shahidi angenimaliza vizuri zaidi. Mama mkwe alikuwa anaangalia lile sanduku, mkono mdomoni.

Shimo lilifukuliwa siku hiyohiyo. Mkaa ulikwenda kutupwa mtoni, maji ya baraka yakanyunyizwa mpaka kwenye cherehani changu, na chuma mama mkwe akakichukua kwa ncha ya khanga akakificha anakojua yeye. Mji huu hauna siri, kwa hiyo mwalimu wa kwaya alinitumia ujumbe: "Nasikia mtambo umepatwa na msiba. Pole sana. Mtu wa kayamba yuko tayari." Nilitamani kumrushia simu, lakini simu ilikuwa yangu.

Sanduku likarudi kunguruma na kuuma. Misa ilikuwa karibu, na sikuwa na pa kupigilia chuma kingine bila kuitwa tena kikaoni. Nikajiuliza nakaa pale kwa sababu gani. Mume hayupo, gitaa limezibwa mdomo, na kisimani wanawake wameanza kunipisha foleni kwa adabu isiyo ya kawaida. Nikamalizia sare za shule nilizokuwa nimepokea, nikafunga begi. Ziwani kwetu baridi si kali na watu wananiita kwa jina langu.

Ilikuwa mchana, jua la utosi, mama mkwe alipoingia chumbani kwangu. Tangu niolewe hakuwahi kuvuka kile kizingiti. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaliona begi.

"Umefunga."

"Nimefunga. Shimo hutaki, gitaa hutaki, mimi mwenyewe hunitaki. Nibaki nifanye nini?"

Alifungua khanga aliyoikunja mapajani. Ndani yake kulikuwa na kile chuma, kimesuguliwa udongo wote, kinang'aa.

"Kile kitu kilinyamaza kweli," alisema. "Nilikiona kwa macho yangu."

"Ndiyo."

"Sasa nataka unichimbie kingine. Getini."

"Getini kwa ajili ya nini?"

Alikigeuza chuma mapajani. Kisha akasema, akikiangalia chuma, "Ndiko anakopita mtu akiwa anarudi."

Nilitaka kumcheka. Baada ya yote aliyonifanyia, nilikuwa na haki ya kicheko kimoja kirefu. Kisha nikamtazama. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake kwa karibu namna ile, ukiwa haujajiandaa kwa vita. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala.

"Mama, nisikilize. Chuma hiki hakiiti mtu. Kinapeleka umeme ardhini, basi. Nikichimba, usije ukaniambia nimekudanganya."

"Sijakuuliza kinafanya nini. Wewe chimba. Mengine niachie mimi."

"Na waya wangu nafunga hapohapo. Na gitaa napiga kwenye misa."

Alinitazama kwa ile chuki yetu ya kila siku, nikajisikia nafuu. "Funga," alisema. "Lakini usinipigie nyimbo za vilabuni."

Waya wa kufika getini sikuwa nao. Yeye ndiye aliyenyoosha kidole kwenye waya wa kuanikia nguo, uliotoka nguzo ya baraza hadi mwimo wa geti. Tulichimba sisi wawili. Yeye alishika chuma, mimi nikagonga nyundo, na kila nilipoinua nyundo niliona anafikiri kile ninachofikiri. Mkaa alisaga mwenyewe. Chumvi alileta pakiti nzima nzima, akamwaga bila kupima.

"Inatosha, mama."

"Mwanangu ni mkubwa," alisema, akaendelea kumwaga.

Juu yake tulipanda mchaichai, ili anayemwagilia aonekane anamwagilia mchaichai. Baba mkubwa alipopita aliusifu ulivyoota.

Siku ya misa padre aliingia getini akaruka ule mchaichai kwa mguu mmoja, akatubariki. Mwalimu wa kwaya alikuja na kinanda chake na mtu wa kayamba, wote wamepiga pasi. Aliinama akaweka sikio kwenye sanduku langu, akangoja. Akaligongagonga. Akaweka sikio tena. Nilimwambia, "Mwalimu, inawaka tangu saa ile. Unasikia nini?" Akasema hasikii kitu, na alisema hivyo kwa huzuni. Mtu wa kayamba alikaa nyuma.

Baada ya komunyo nilipiga peke yangu, wimbo wa taratibu alionifundisha mjomba, na hapakuwa na kitu chini ya sauti ya gitaa isipokuwa vifaranga na upepo wa kutoka Matogoro. Watu wote waliinamisha vichwa. Mama mkwe, mwenyekiti, aliyekaa kiti cha mbele, yeye hakuinamisha. Alikuwa amegeuza shingo anaangalia getini, na aliangalia hivyo mpaka wimbo ulipokwisha.

Begi nililifungua, sikulizungumzia. Nafasi yangu kwenye kwaya ninayo. Yeye bado ananiambia ugali wangu una madonge, nami bado namwambia Mungu alimpa meno ya kutafunia. Hatukupatana, nilikwisha kusema. Lakini kila jioni anachukua ndoo anakwenda kumwagilia mchaichai, anasimama kidogo, anarudi. Simkatazi, maana ardhi ikikauka ngurumo itarudi, na ya kwangu haijawahi kurudi tangu siku ile.

Juzi alishikwa na homa. Jua lilipokuwa linazama aliniita kutoka kitandani, sauti haina nguvu hata ya kunigombeza.

"Kamwagie."

Nilichukua ndoo nikaenda. Nikamwaga maji yote, yakazama. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini nikabaki pale na ndoo tupu, naangalia barabara, mtu mmoja mmoja anavyotokea kwenye kona na kuwa mtu mwingine. Nilikaa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Niliporudi ndani alikuwa amejiinua kwa kiwiko, ananingoja.

"Vipi?" aliuliza.

Nikamwambia ardhi ilikuwa kavu sana, ndiyo maana nimechelewa.